Usiseme Uko Sawa

Mimi shule niliiona kwa dirisha, tena nikiwa nje. Kusoma kwangu ni namba za viatu tu, kuanzia ishirini na tisa mpaka arobaini na sita, na kuna mguu mmoja hapa Juba ambao namba yake haijatengenezwa bado duniani. Kwa hiyo haya maneno nasema na mdomo, msichana wangu anaandika kwa simu yake. Ameniambia nisiongeze chumvi. Nimemwambia sawa. Ule mguu nimeshaupunguza kidogo.

Kazi yangu ni viatu. Nakata tairi kuukuu natengeneza akala, na ukiniletea kiatu cha ngozi kilichofungua mdomo, nakishona mpaka kinyamaze. Nakaa Hai Jalaba, kwa varanda ya duka la vitambaa. Kando yangu anakaa mama wa chai, ambaye ulimi wake unakata kuliko kisu changu. Nyumbani ni Gumbo, ng'ambo ya mto, na kila asubuhi navuka daraja na gunia la tairi kichwani.

Hii kazi nilijifunza Kakuma, kambini, kule Kenya. Tuliingia Kakuma msichana akiwa mgongoni kwa mama yake, tukatoka yeye akiwa na cheti cha sekondari. Katikati hapo ni vumbi. Vumbi la Kakuma nikikueleza utasema nadanganya. Siku moja upepo ulibeba mbuzi wa jirani yetu, akashuka kesho yake akiwa na mimba.

Kambini watu wote walikuwa wanangoja kitu kimoja, ndege. Kulikuwa na wazungu waliokuwa wanachagua familia za kwenda kuishi ng'ambo moja kwa moja, Amerika, Kanada, Australia. Majina yalikuwa yanabandikwa kwa ubao. Jina lako likionekana unaitwa intavyuu, unaulizwa habari za kwenu na habari za kambini, halafu unarudi kwa nyumba yako ya udongo kungoja. Ukipita, unapanda ndege na hurudi tena. Ndiyo maana ukishapewa siku ya safari unagawa vitu. Godoro kwa huyu, jiko kwa yule, kuku kwa jirani aliyekulilia zaidi. Watu wanakuimbia, wanakuombea, wanakulilia, kwa sababu wanajua wamekuona mara ya mwisho. Katika wale wote waliopanda ile ndege, mimi sijamwona hata mmoja akirudi, hata kuchukua sufuria aliyosahau.

Sisi jina letu lilibandikwa mara moja. Tukaenda intavyuu, mimi na mke wangu na mtoto. Mimi nilijibu ya kwangu vizuri. Halafu yule bwana akamgeukia mke wangu akamwuliza, mama, maisha hapa kambini yakoje? Na mke wangu, vile alilelewa, mtu akikuuliza habari unampa habari njema kwanza. Akasema, kweis, nashukuru Mungu. Kweis kwa Kiarabu cha Juba ni nzuri, salama. Ile hadithi nilikuja kuihadithia miaka yote, na kila mwaka ilikuwa inanenepa. Nilikuwa nasema alimjibu kweis mara saba, akamkaribisha chakula, akamwombea yule bwana apate mke, akamwambia hata akitaka kuhamia Kakuma nafasi ipo. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mti. Yeye pia alikuwa anacheka, ameinama kwa moto, anageuza ugali.

Jina letu halikubandikwa tena.

Kama ni kwa sababu ya hilo neno moja, mimi sijui. Hakuna aliyetuambia. Lakini mimi niliamua ni hilo, na kutoka hapo nikawa mwalimu wa kambi nzima. Mtu akiitwa intavyuu alikuwa anakuja kwangu kwanza, na mimi nilikuwa naanza na somo moja: usiseme uko sawa. Ukiulizwa umelala aje, usiseme salama. Ukiulizwa kwenu kuko aje, usiseme kuna maembe. Kwa sababu watu wetu, mtu amezika watoto watatu, ukimwuliza hali anakuambia nzuri, na wewe je. Hiyo adabu nilikuwa naitoa kama mwiba. Wengi walipita. Nikisema nusu ya Australia ni wanafunzi wangu, msichana atafuta, basi niseme robo.

Mke wangu alikufa huko huko kambini, kwa homa ya wiki moja. Hapo sina cha kuongeza.

Tukarudi Juba, mimi na msichana. Akaingia chuo. Anasomea samaki. Nilimwuliza, samaki si tunakula, kwani kuna nini kingine ndani yake? Akaniambia mto huu una magonjwa yake, samaki wake wanapungua, na lazima mtu ajue kwa nini. Nikaenda kuwaambia watu wa varanda kwamba msichana wangu ni daktari wa mto. Mama wa chai akasema, "Mwambie aanze na wewe, unanuka kama kambare."

Akiwa mwaka wa tatu alikuja kwangu mchana na karatasi mkononi. Chuo chao kina urafiki na chuo kingine, kwa nchi moja ya baridi huko Ulaya. Wanafunzi wa huku wanaenda kule, wa kule wanakuja huku. Walimu pia hivyo hivyo, wanabadilishana. Kwa idara yao ya samaki alichaguliwa mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja. Mwalimu ni ustaz wao mmoja mrefu, mteja wangu, kiatu chake kinalika upande mmoja kuliko mwingine. Mwanafunzi ni yeye.

Nilisimama nikaangusha nyundo.

"Miezi mitano, Baba," akasema. "Kuna maabara huko ya kupima maji, hapa hatuna. Nitajifunza, halafu narudi."

"Unarudi wapi?"

"Hapa."

"Kufanya nini?"

"Kumaliza masomo. Ndiyo mpango wenyewe, Baba. Unaenda kuona, unarudi kufanya kwenu. Na ni mwaka wa tatu tu wanachukua. Wa nne hawachukui."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, huyu bado mtoto, ndege haijui. Na jioni hiyo hiyo Gumbo yote ilikuwa na habari, kwa sababu nilipitia kila nyumba.

Jumapili, baada ya kanisa, nikagawa vitu vyake. Mimi mwenyewe, na mikono yangu. Godoro nikampa mjane wa nyumba ya pili. Beseni lake la bluu likaenda kwa wale wa kisimani. Chandarua, taa ya sola, kiti cha plastiki, kila kitu kilipata mwenyewe. Majirani wengi ni watu wa kambi kama sisi, wengine wa Kakuma, wengine wa Uganda, kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali. Walijua kazi yao. Waliimba, wakamshika kichwa wakaomba, wakalia. Msichana alikuwa anacheka katikati yao.

"Mama," akamwambia yule mjane, "nikirudi nitalalia nini?"

"Ukirudi utakuwa umetajirika, utaninunulia mimi lingine," mjane akasema, na machozi yanamtoka kweli.

Basi zile wiki za kungoja viza msichana alilala chini, kwa mkeka.

Mimi nikaanza kutengeneza viatu vya baridi. Hapa Juba kiatu cha baridi hakuna aliyekiona, nilikifikiria tu. Chini niliweka tairi la lori, kwa sababu ustaz aliniambia huko barabara inateleza. Juu nikaweka ngozi ya ng'ombe. Na ndani, kwa sababu lazima mguu upate joto, nilikata blanketi la kijivu. Lilikuwa blanketi la mama yake, tulipewa siku ya kwanza tulipofika Kakuma. Nilikuwa nimelitunza bila kujua nalitunzia nini. Nilishona siku sita. Vilikuwa vizito, ukivivaa unatembea kama mtu anayekanyaga unga. Msichana alivivaa akatembea mpaka kwa mama wa chai na kurudi.

"Vinapasha joto," akasema, huku jasho linamtiririka.

Halafu akaniambia kuhusu simu. "Baba, watu wa viza wako Nairobi. Nimeandika namba yako. Wanaweza kukupigia kuhakikisha. Wakikuuliza, wewe sema ukweli tu."

"Ukweli nitasema mpaka ubaki."

"Baba."

"Nimesikia, mama." Namwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu.

Simu ilikuja saa nne asubuhi. Varanda ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wanaume wanne hivi wanakunywa chai, na mwenye duka, na mama wa chai mwenyewe. Niliona namba inaanza na ya Kenya. Nikanyoosha mkono watu wanyamaze, nikaweka sauti ya juu, simu nikaiweka juu ya tairi kila mtu asikie.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, Mkenya, Kiswahili chake kizuri, na heshima. Akanisalimia. Akauliza kama mimi ni baba wa msichana fulani. Nikasema ndiyo mimi, toka azaliwe. Akauliza kama tunaishi pamoja, nafanya kazi gani. Nikajibu. Halafu akauliza, "Mzee, binti yako akimaliza hiyo miezi mitano, ana mpango gani?"

Nikavuta pumzi. Jamani, swali hilo nilikuwa nimelingoja miaka yote hiyo. Lilikuwa limempata mke wangu akiwa na adabu. Sasa limekuja kwangu, mwalimu wa kambi nzima, na darasa limekaa mbele yangu linanitazama.

"Dada," nikasema, "mpango gani? Hapa hakuna mpango. Hapa hakuna kitu."

"Nyumbani kuko vipi?"

"Nyumbani? Mvua ikinyesha tunalala tumesimama kama punda."

Mwenye duka akaziba mdomo na kitambaa. Mama wa chai akageuka, mabega yanatikisika. Nikapata moto. Nikamwambia huyu mtoto hana mama. Nikamwambia analala chini, hana hata godoro, na hiyo kweli ilikuwa kweli. Nikamwambia kazi hapa hata mwenye digrii anauza maji. Huko kwake nasikia vidole vinagonga mashine.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "baada ya masomo, unaona atarudi Juba?"

"Arudi wapi, dada? Nakuomba kama ndugu. Mkishampata, msimrudishe."

Vidole vikagonga tena. Halafu akasema, "Asante, mzee. Umenisaidia."

Simu ikakatika, na varanda ikapiga makofi. Nikanunulia kila mtu chai. Mama wa chai akanipa ya kwangu bure, akasema, "Wewe ungekuwa wakili, jela zote zingekuwa tupu." Siku hiyo sikushona kiatu hata kimoja. Nilikaa tu nikimwambia mke wangu, kimoyomoyo, umeona? Hivyo ndivyo mtu anajibu.

Ile hadithi ya simu ikawa ndiyo bora kuliko zangu zote. Niliihadithia kwa daraja, kwa raksha, hizi bajaji zetu, kanisani. Ikaanza kunenepa. Nikaongeza mamba wa mto anayekuja kubisha hodi usiku. Nikaongeza kwamba yule dada wa Nairobi alilia.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwa simu ya msichana. Alikuwa amekaa mlangoni, mimi navua viatu. Akasoma. Akasoma tena. Akaweka simu kifudifudi kwa goti.

"Nini?" nikauliza.

"Nafasi zimejaa, Baba."

"Zimejaaje? Si walikuchagua?"

"Zimejaa tu." Akaamka akaenda kuteka maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Mimi nilifanya kazi yangu ninayoijua. Niliwatukana wale wazungu mpaka nikamaliza maneno ya Kiswahili nikahamia Kiarabu. Nikasema baridi iwapate kwa masikio. Nikasema wamekosa, sasa samaki wao watakufa wote bila daktari. Alikuwa ananiitikia, anatabasamu kidogo, anapepeta mchele.

Kitu kilichonishinda ni majirani. Hakuna aliyesema kitu. Kesho yake jioni yule mjane alikuja na godoro kichwani. Aliliweka kando ya mlango akaondoka, hata hakunisalimia, mwanamke anayeongea kuliko redio. Halafu likaja beseni la bluu. Halafu chandarua, wamekifua. Kiti kililetwa mguu mmoja umevunjika, umefungwa na waya. Siku tatu vitu vilikuwa vinarudi, kimoja kimoja, na msichana anavipokea kwa mikono miwili, anasema asante. Nimeona watu wakirudisha maiti kijijini kwa kelele zaidi ya ile.

Viatu vya baridi nilivitundika msumarini, kwa varanda. Mtu mmoja alitaka kununua, nikamwambia hivyo si vya mguu wako.

Ustaz yeye alisafiri. Msichana alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, akarudi na raksha, akaingia darasani siku hiyo hiyo. Mwaka wa nne ukaingia. Wa nne hawachukui.

Ustaz alirudi baada ya miezi yake, amenenepa shavu, kiatu kimepasuka soli. Akaja kwangu, akakaa kwa kopo, akaagiza chai. Akaniambia baridi ya kule si hadithi, ukitema mate yanaanguka kama kokoto. Nikaona huyu naye ameanza kujua kusimulia, sasa nimwonyeshe. Alikuwa hajaisikia ile ya simu. Nikamwanzia mwanzo. Mama wa chai, ambaye alikuwa anaijua kwa kichwa, alikuwa ananiitikia mahali pa kuitikia. Nikafika kwa punda. Nikafika kwa mamba. Nikamaliza na lile la mwisho, mkishampata msimrudishe, nikapiga goti langu nikacheka.

Ustaz hakucheka. Aliweka gilasi chini.

"Mzee," akasema, "hayo ulimwambia mtu wa viza?"

"Neno kwa neno. Mamba ndiye nimemleta baadaye."

"Na hilo la mwisho?"

"Hilo nilisema."

Akaangalia kiatu chake, kilikuwa mikononi mwangu. "Hawa si wale wa kambini, mzee. Wale wa kambini, ukisema unaweza kurudi kwenu wanakuacha. Hawa, ukisema hurudi ndio wanakuacha. Safari yenyewe ni ya kwenda na kurudi. Mimi pia waliniuliza. Nikawaambia nina mke, nina wanafunzi, nina shamba la mihogo Rejaf linangoja kuvunwa. Wakanipa."

"Mihogo."

"Mihogo, mzee."

Sindano ilikuwa nusu ndani ya soli. Nikauliza, "Yeye anajua?"

"Barua ilimpa sababu. Waliandika kwamba mtu wa familia amesema hatarudi. Aliniandikia kule." Halafu akashika kipaji cha uso. "Aliniomba nisikuambie. Na sasa nimeshasema."

Mama wa chai alichukua gilasi ya ustaz akaijaza, ingawa ilikuwa haijaisha. Hakusema neno. Toka nimjue, ilikuwa mara ya kwanza.

Nilimaliza kile kiatu. Nilikishona vibaya, ustaz alikivaa hivyo hivyo. Halafu nikakaa pale mpaka watu wa duka wakafunga, nikifikiria kitu kimoja tu. Siku ile ya simu, angepokea mama yake. Angeulizwa, nyumbani kuko vipi? Angesema, kweis, nashukuru Mungu. Angeulizwa, binti atarudi? Angesema, atarudi, tunamngoja. Asingehitaji kufundishwa na mtu. Na mimi ndiye nilimcheka miaka yote hiyo, mbele ya watu, yeye ameinama kwa moto.

Nilirudi Gumbo nikamkuta msichana anasoma. Alinipa chakula. Nilitaka kusema, nikasema kwamba leo tairi ni ngumu. Kesho yake nilitaka kusema, nikasema habari za bei ya ngozi. Imepita miaka miwili hivi. Mtu ambaye hawezi kunyamaza dakika mbili akinawa, hilo moja nililimeza.

Akamaliza chuo. Sasa anafanya kazi kwa kile chumba cha chuo kinachoshughulikia hizo safari, ni kazi ya mkataba mdogo, anawajazia wengine karatasi. Ile maabara ya maji hajaiona. Kila safari anawasindikiza wanaoenda, anawapokea wanaorudi. Wanamletea chokoleti na kalamu zimeandikwa jina la kile chuo. Kalamu ziko ndani ya kikombe nyumbani, hazitumii.

Juzi jioni nilikuwa nje naosha miguu, yeye ndani anaongea kwa simu na mama wa mwanafunzi fulani. Anachanganya Kiswahili na Kiarabu, anaongea polepole vile anavyoongea na watu wazima.

"Mama, watakuuliza kama atarudi," alikuwa anasema. "Si unataka arudi? ... Basi sema hivyo. Usiogope kusema nyumbani ni kuzuri. Sema una shamba. Sema mnamngoja."

Maji yalikuwa yanamwagika, sikuona. Si unataka arudi. Hivyo mimi sikuwahi kuulizwa na mtu. Na mimi mwenyewe sikujiuliza, siku ile kwa varanda, watu wananitazama. Ningejiuliza, jibu nilikuwa nalo. Nyumba ina watu wawili. Ningemwambia yule dada wa Nairobi, nakuomba kama ndugu, mkishamaliza naye, mrudisheni haraka.

Kwa hiyo leo Jumamosi nikamwambia, chukua simu, nataka nikusimulie uandike. Alidhani ni habari za mbuzi wa Kakuma. Ameandika yote mpaka hapa, amekaa kwa kile kiti chenye waya. Tulipofika kwa ustaz na mihogo, vidole vyake vilisimama. Sikumtazama. Nikaangalia ndoo.

"Endelea, Baba," akasema.

"Nilikuwa sijui namna ya kuanza."

"Nilijua unajua."

"Ustaz alikuambia?"

"Hapana. Uliacha kuhadithia ile simu." Akafuta kioo cha simu na nguo yake. "Kwa daraja watu walikuwa wananiuliza, kwani baba yako ni mgonjwa? Ile ya punda hatuisikii siku hizi."

Nikasema, "Nisamehe, mama."

Hakujibu haraka. Huyu mtoto hajibu haraka, hilo si langu. Mwishowe akasema, "Nililia siku ile, kisimani. Nililia sana, Baba. Halafu nikakukuta umewatukana mpaka sauti imekauka. Ningekuambiaje?"

Tukakaa. Jirani alikuwa anatwanga kitu, tukasikiliza hiyo.

Halafu akaniuliza, "Mama alisema nini hasa, kwa ile intavyuu? Si ile ya kuchekesha. Ile yenyewe."

Nikamwambia aandike. Mama yako alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha kuazima, cha kijani. Wewe ulikuwa umelala kwa mapaja yake. Yule bwana alimwuliza maisha yakoje hapa. Yeye akakutazama kwanza. Akasema, kweis, nashukuru Mungu. Mara moja tu. Halafu akamwuliza yule bwana kama kwao pia ni salama, na yule bwana hakujibu, alikuwa anaandika.